Salfa asilia katika mbale: ni nini na hutokeaje

Salfa asilia ni salfa inayopatikana ardhini ikiwa peke yake, bila kuungana na elementi nyingine. Ni jambo la nadra katika mbale za metali, yaani mawe yanayochimbwa ili kupata metali. Humo salfa kwa kawaida imeshikana na chuma kwenye pairaiti, au na risasi kwenye galena. Nyingine imeungana na oksijeni, kama ilivyo kwenye jasi. Salfa tupu iko katikati ya hali hizo mbili: oksijeni imetosha kuitenga na metali yake, lakini haikutosha kuigeuza asidi au salfeti.

Chukua mshipa wa galena ulio karibu na uso wa ardhi. Maji ya mvua hupenya nyufani, pairaiti iliyo jirani huoza na kutoa maji ya asidi yenye chuma, na chuma hicho huishambulia galena. Risasi hugeuka anglesaiti, yaani salfeti ya risasi, na salfa huachwa. Ukilipasua jiwe hilo utakuta vishimo, na ndani yake fuwele za manjano zinazopitisha mwanga, nyingi zikiwa za milimita chache tu. Kwa mchimbaji hiyo ni habari muhimu: yuko kwenye mbale iliyooza, na akishuka zaidi huenda akakuta salfaidi mbichi, yaani metali ambayo bado imeshikana na salfa, ambayo huchenjuliwa kwa njia nyingine.

Kwenye volkano kazi hiyo hufanywa na gesi. Haidrojeni salfaidi ikikutana na hewa huacha salfa mdomoni mwa tundu la mvuke. Ndiyo inayochimbwa Kawah Ijen, Indonesia, na kwetu ipo kwenye kreta ya Reusch juu ya Kibo.

Mashapo makubwa kama ya Sicily na Louisiana, hata hivyo, hayana metali wala volkano. Bakteria waliokula mafuta ya ardhini waliinyang'anya jasi oksijeni yake wakatoa haidrojeni salfaidi, nayo baadaye ikawa salfa. Mwaka 1894 mkemia Herman Frasch aliitoa ya Louisiana kwa kusukuma maji ya moto sana chini ya ardhi, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi za Selsiasi.

Kuitambua si kazi. Kucha huikwaruza, na uzito wake ni kama mara mbili tu ya maji, wakati pairaiti ni mara tano. Fumbata fuwele yake kiganjani uisogeze sikioni: nje hupata joto la mkono, ndani bado ni baridi, na utaisikia ikialika. Ila usiichome ili kuijaribu. Huenda ikawa opimenti, madini mengine ambayo nayo ni ya manjano na laini, na yana aseniki, ambayo ni sumu.

Harufu ya mayai viza si ya salfa yenyewe, ni ya haidrojeni salfaidi. Ukiipata ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, toka mara moja. Gesi hiyo huua, na ikizidi pua haiinusi tena.