Meno ya flati sio cheo: haya mambo ya grinda za espresso tuyaweke sawa

Kuna kauli naisikia karibu kila wiki hapa Dodoma, kwa watu wa Ilazo, Kisasa, mpaka wale wa Mtumba wanaotaka kuweka kahawa ofisini, wakitafuta grinda, yaani mashine ya kusagia kahawa: "mimi nataka ya flati, za koni ni za wanaoanza." Flati ni meno mawili bapa ya duara yanayotazamana, koni ni jino lenye umbo la koni linalozunguka ndani ya pete. Mtu hajaniambia anakunywa nini, anaweka maziwa au haweki, kahawa yake imekaangwa vipi, tayari ameshachagua meno. Alafu mzigo ukifika kahawa ikatoka nyepesi na chachu ananipigia simu nikamwangalizie mashine ya espresso, na mashine haina shida yoyote jamani.

DHANA: Flati ni bora kuliko koni, na flati kubwa ni bora zaidi.

UKWELI: Flati na koni sio madaraja, ni ladha mbili tofauti. Meno ya koni yanatoa chembe kubwa pamoja na vumbi laini jingi, na lile vumbi ndio linabana maji na kukupa ule uzito mdomoni, shoti nene inayosimama ndani ya maziwa. Meno ya flati ya siku hizi, hasa yale ya SSP, kampuni ya Korea inayotengeneza meno, ambayo watu wanayaota usiku, yamekatwa ili chembe zikaribiane saizi, kwahiyo ladha zinaachana, unasikia tunda, unasikia uchachu, lakini uzito unapungua na kosa lolote la kuseti linaonekana hapohapo. Ukiwa na kahawa ya Mbozi au Mbinga iliyokaangwa kidogo na unakunywa bila maziwa, chukua hizo, utafurahi sana. Ila kama kahawa yako ni nyeusi inang'aa mafuta na kila asubuhi unatengeneza kapuchino yenye sukari, unalipa milioni kadhaa ili uondoe kile kitu unachokipenda kwenye kikombe chako!

Na hata hiyo kusema "flati" peke yake haitoshi. Mazzer Super Jolly, grinda ya Kiitaliano, ina flati za kipenyo cha milimita 64 na imesaga espresso nzito ya Kiitaliano kwenye mabaa miaka na miaka, grinda ya DF64 nayo ni 64 lakini ukiitoa meno yake ukaweka ya SSP unapata kikombe kingine kabisa, saizi ileile, grinda ileile. Maana yake kinachoongea ni jinsi jino lilivyokatwa. Grinda ya Niche Zero ni ya koni, milimita 63, meno ya Mazzer, na nawajua watu wenye uwezo wa kununua chochote wanaotumia hiyo na hawana mpango wa kubadilisha.

Hii homa ya saizi nadhani ilichochewa sana na EK43. Ile ni grinda ya dukani, meno ya milimita 98, ya kusagia kahawa ya kupima na kufungia wateja, alafu mwaka 2013 Matt Perger wa Australia akaitumia kwenye mashindano ya dunia ya mabarista akashika nafasi ya pili, tangu hapo kila mtu anataka 98 jikoni kwake. Mkahawa unaotoa shoti mfululizo unahitaji meno makubwa ili isage haraka na isipate moto. Wewe unasaga gramu 18, unaosha kikombe, unaenda kazini.

Kitu ambacho nataka muulize badala ya saizi ni alaimenti, yaani meno kukaa sambamba. Meno mawili yasipokaa sambamba upande mmoja unasaga laini mwingine unasaga chenga, na hapo hata uwe na 98 ni kama gari la bei mbaya lenye tairi zinazovuta pembeni. Kupima ni rahisi, chomoa umeme, fungua, paka wino wa maka ya ubao kwenye ukingo wa jino, rudisha, kaza taratibu mpaka meno yagusane kidogo huku unazungusha kwa mkono, fungua tena uangalie. Wino ukifutika kuzunguka kote uko vizuri, ukifutika upande mmoja tu unaweka vipande vya foili chini ya jino upande ambao wino umebaki mpaka likae sawa. Fanya hivi kabla hujaanza kuagiza meno mapya, tafadhali.

DHANA: Mashine ya espresso kwanza, grinda kwa hela itakayobaki.

Hapana. Grinda ambayo usagaji wake hauwezi kurekebishwa kidogo kidogo haitakupa gramu 36 za espresso kwa sekunde 25 mpaka 30 hata mashine iwe ya bei gani. Anza na grinda, na mzani.

DHANA: Grinda za mkono sio za espresso.

Kinu M47 ina meno ya koni ya milimita 47 na inasaga espresso safi kabisa, tena umeme ukikatika haikujali. Kwa mtu wa vikombe viwili kwa siku naitaja hii kabla ya nyingi za umeme, na wengi hawanisikilizi kwa sababu haipendezi kaunta.

DHANA: Mizunguko ya meno kwa dakika ikiwa mingi inaunguza kahawa.

Kwa gramu 18 nyumbani joto hilo halifiki popote. Acha.

DHANA: Ukinyunyiza maji kwenye kahawa kabla ya kusaga, meno yataota kutu.

Tone moja au mawili, koroga, saga. Hapa Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ni kavu mno, unga unaruka unaganda kwenye ukuta wa kikombe na maganda yanatapakaa kaunta nzima, alafu mtu anasema grinda mbovu. Ni umeme tuli tu huo. Timu ya Christopher Hendon ya Chuo Kikuu cha Oregon ilichapisha utafiti mwaka 2023 ukaonyesha maji kidogo yanapunguza huo umeme na unga kugandamana, na unga mwingi zaidi unatoka badala ya kubaki ndani. Meno ya chuma yaliyotengenezwa vizuri hayafi kwa tone la maji.

DHANA: Mchele unasafisha grinda.

Mchele mbichi ni mgumu kuliko kahawa, unaacha wanga ndani na unaitesa mota. Tumia brashi na kipulizio.

DHANA: Shemeji yuko Marekani ataniletea grinda, nitaweka transfoma.

Hili linauma kwa sababu hela inakuwa imeshaenda. Kule ni volti 120 na hezi 60, kwetu ni 230 na 50, na transfoma inashusha volti lakini hezi haigusi. Mota nyingi za AC zitazunguka polepole kwa kama moja ya sita na kupata moto kuliko zilivyopangiwa. Zile zenye mota ya DC zinategemea adapta yake, kwahiyo soma kile kibandiko, kama kimeandikwa 100 mpaka 240 haina shida. Kama kimeandikwa 120 peke yake mwambie shemeji aiache dukani, uagize ya 230 toka Ulaya au China, na uweke fridge guard kwenye soketi siku hiyohiyo unayoifungua.