Jengo la matumizi mchanganyiko: maana yake katika kazi ya umeme

Anayepita mitaa ya Nkuhungu, Ipagala au Chang'ombe jijini Dodoma hukutana na nyumba za namna moja kila baada ya hatua chache: mbele fremu mbili au tatu zinazotazama barabara, nyuma vyumba vya kulala, na katikati ukuta mmoja tu wa tofali. Kwenye matangazo ya viwanja, eneo la namna hiyo huandikwa "makazi na biashara". Kwa mpima ardhi maneno hayo yanatosha, lakini kwa fundi umeme ndipo maswali yanapoanzia. Katika kazi yake, jengo la matumizi mchanganyiko ni lile ambalo umeme wake unahudumia kwa pamoja watu wanaofanya biashara na watu wanaoishi humo, kiasi kwamba hitilafu ya upande mmoja inaweza kumfikia mtu wa upande wa pili ambaye hakuisababisha wala hana habari nayo.

Kuhusu nani afanye kazi, hakuna tofauti kati ya fremu na chumba cha kulala. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, ufungaji wa mfumo wa umeme ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja, hivyo si kila mwenye leseni anaruhusiwa kushika kila kazi. Tofauti huanza pale watu wanapoajiriwa. Saluni yenye wasusi wawili ni mahali pa kazi, na kwa hiyo inaguswa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo wakala wake ni OSHA; chumba kilicho nyuma ya kioo cha saluni hiyo hakiguswi, ingawa waya unaokipa taa umetoka kwenye kisanduku kilekile cha breka.

Kanuni za kiufundi nazo zina mpaka wake. BS 7671, kanuni za Uingereza za ufungaji wa nyaya ambazo zimeathiri sana ufundi wa umeme nchini, katika toleo la mwaka 2018 zinataka soketi za hadi ampea 32 zilindwe na RCD ya miliampea 30, yaani kifaa kinachokata umeme mara kinapogundua kwamba unavuja. Mahali pa biashara msamaha unaweza kutolewa iwapo tathmini ya hatari imefanyika na kuandikwa. Katika makazi msamaha huo haupo. Kwa maoni yangu, pale upande wa fremu na upande wa nyumba vinapotumia kisanduku kimoja, fundi asihangaike kutafuta msamaha. Afuate sharti la makazi kotekote.

Mzigo wa umeme ni jambo rahisi kulihesabu, na bado ndilo linalopuuzwa zaidi. Madrayer mawili ya nywele yenye wati 2,000 kila moja huvuta takribani ampea 17 kwenye umeme wa volti 230. Ongeza birika la wati 2,200 na jumla inakaribia ampea 27, ilhali mkondo wa soketi za nyumba ulifungwa kwa breka ya ampea 20. Breka inaruka, mteja ana povu kichwani, na mwenye fremu anamwita kijana wa jirani ambaye anaweka breka ya ampea 32 na kuondoka. Waya haukubadilishwa. Kwa kuwa joto la waya huongezeka kwa mraba wa ampea zinazopita ndani yake, kutoka ampea 20 hadi 30 joto huongezeka zaidi ya mara mbili, na waya huo unapita darini juu ya chumba wanamolala watoto. Tiba yake ni kuipa kila fremu mkondo wake kuanzia kwenye kisanduku, si kubadilisha breka.

Suala la ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja, linahitaji uangalifu wa pekee katika nyanda hizi za kati. Mvua ya Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayofuata udongo hukauka kabisa, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Rodi ya ethi iliyopimwa mwezi Machi ikaonekana njema inaweza kutoa jibu jingine kabisa mwezi Oktoba. Tuchukulie ukinzani wa rodi hiyo, yaani kiasi umeme unavyozuiwa kuingia ardhini, umefika omu 40, na waya wa moto umegusa bodi ya friji la soda. Volti 230 kwa omu 40 ni ampea 5.75 tu. Breka ya ampea 20 haitaona hitilafu yoyote, na friji litaendelea kupoza soda huku bodi yake ikisubiri mkono wa mtu. RCD ya miliampea 30 ingekata papo hapo. Hata hivyo BS 7671 zinatahadharisha kwamba ukinzani unaozidi omu 200 huenda usiwe thabiti, na ndiyo sababu ya kupima wakati wa kiangazi.

Linabaki suala la kuzima. Mara nyingi meinswichi hufungwa ndani ya fremu, kwa sababu ndipo waya wa kutoka kwenye nguzo unapofikia. Saa tatu usiku fremu inafungwa kwa kufuli, mwenye biashara anakwenda kwake, na familia iliyo nyuma haina njia ya kuzima umeme soketi ikianza kutoa moshi. Meinswichi inapaswa kuwa mahali ambapo kila anayeishi humo anaweza kuifikia saa yoyote.

Kwa fundi aliyeitwa kufanya matengenezo, jengo lenye mita mbili za LUKU ni mtego zaidi. Anazima upande wa fremu akiamini amemaliza, kumbe taa ya korido imepewa moto kutoka dukani na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kutoka nyumbani, na fundi wa kwanza hakuacha mchoro wowote. Kwa hiyo fundi makini huzima pande zote mbili, hutia kufuli kwenye swichi ili mtu wa nyuma asiwashe akidhani umeme umekatika, kisha hupima kila waya kwa kifaa alichokihakiki kwanza kwenye umeme ulio hai. Akimaliza huandika kwa kalamu isiyofutika, mbele ya kila breka, ni fremu ipi au chumba kipi kinachohudumiwa.