Si gramu zinazokuacha nyuma: dhana potofu kuhusu baiskeli nyepesi na misafara yetu

"Fundi, nipunguzie uzito, wenzangu wananiacha." Kila baada ya msafara wetu wa baiskeli wa Jumapili hapa Mwanza lazima nilisikie hilo, na mara nyingi anayelisema ameshanunua kifaa kabla hajafika kwangu: bomba la siti la kaboni, usukani wa kaboni, pakiti ya bolti za titani. Anachotaka ni nifunge tu, leo hii. Mimi huanzia kwenye cheni. Nikiipitisha kati ya vidole, vidole vinatoka na tope jeusi lenye mchanga, maana mwenyewe amekuwa akiimiminia oili ya injini aliyoipata gereji. Nikizungusha pedeli kinyumenyume, cheni inasikika ikisaga. Na mtu huyo ametoka kulipa pesa nyingi ili apunguze gramu 120 kwenye usukani. Inaniuma, kwa sababu pesa hizo zimetafutwa kwa jasho, na Jumapili ijayo ataachwa palepale alipoachwa.

"Baiskeli ikiwa nyepesi nitawafikia"

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Tuanze na mlima, maana huko ndiko uzito unakohesabika kweli. Kuinua kilo 1 kwenda juu mita 100 kunataka jouli 981. Mtu mwenye mazoezi ya kutosha anaweza kutoa wati 200 akiwa anapandisha, na kwake jouli hizo ni kama sekunde 5. Yaani ukipunguza kilo nzima kwenye baiskeli, kisha ukapanda kutoka ufukweni hadi mahali palipo juu kwa mita 100, umeokoa sekunde 5. Ule usukani uliopunguza gramu 120 unakupa sekunde 0.6. Chupa ya maji ya mililita 750 ikijaa ina uzito zaidi ya mara sita ya akiba hiyo. Kama wenzako wanakusubiri dakika nzima pale juu Bugando, tusidanganyane: dakika hiyo haimo kwenye usukani.

Tambarare ndiko hesabu inakokuwa mbaya zaidi kwa mpenda gramu. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa kwenye lami, kilo 1 ya ziada inakula karibu nusu wati tu. Kinachokula nguvu zako huko ni hewa. Ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, zaidi ya theluthi mbili ya nguvu unazosukuma zinaishia kuipasua hewa, na sehemu kubwa ya kizuizi ni mwili wako mwenyewe, si fremu. Ukipanda kutoka kilomita 20 hadi 30 kwa saa, nguvu za kupambana na hewa zinaongezeka zaidi ya mara tatu. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10, lakini bado ndiyo inayotumaliza. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Anayerudi mjini kutoka Misungwi saa nane anakutana nao kifuani, na bolti ya titani haimsaidii chochote.

Mtu akinibishia, humwambia aangalie wanaoendesha Tour de France. Tangu mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, limeweka kanuni kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Ungetegemea kila timu ing'ang'anie kilo hizo hizo. Baiskeli nyingi za leo zinazidi, kwa kuwa timu zimekubali kubeba uzito wa breki za diski na wa ringi nene zinazopita vizuri kwenye hewa. Watu wenye pesa, maabara na mizani ya uhakika wameamua kwamba gramu chache si za kugombania.

Hapo mbishi hukimbilia magurudumu: gramu moja ya ringi ni sawa na gramu mbili za fremu. Ni kweli pale tu unapoongeza kasi. Ukishashika mwendo, gramu ya ringi ni gramu kama nyingine, mlimani na tambarare. Na hata wakati wa kuchomoka, chukua mtu ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 85, anatoka kilomita 25 hadi 35 kwa saa. Ringi zake zikipungua gramu 200 kwa jumla, anaokoa chini ya nusu ya asilimia moja ya nishati ya kuchomoka huko. Ukiisikia tofauti kubwa baada ya kubadilisha magurudumu, jua ni tairi mpya ulizofunga nayo, au gololi mpya za habu, yaani kitovu cha gurudumu.

Basi pesa iende wapi? Iende kwenye cheni, na nitalisema hili hadi watu wanizoee. Cheni safi yenye mafuta sahihi inapoteza asilimia chache tu za nguvu zako. Iliyojaa mchanga inapoteza zaidi, na juu ya hapo inakula meno ya sproketi ya mbele na ya kaseti, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, vitu vya bei kubwa. Oili ya injini ni nzito, inabaki nje ya cheni na kukamata kila vumbi la Kisesa na Magu. Osha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, mbali na diski za breki, ifute, iache ikauke kabisa. Kisha tone moja la mafuta ya cheni kwenye kila kiungo, upande wa ndani, zungusha pedeli taratibu ili yaingie, halafu futa nje yote kwa kitambaa mpaka ukiigusa vidole visichafuke. Mafuta yanatakiwa ndani ya viungo. Ya nje ni ya kukusanya uchafu.

Kuipima huhitaji kifaa cha gharama. Weka rula ya inchi katikati ya pini moja, hesabu pini 24 kwenda mbele. Cheni mpya inasoma inchi 12 kamili. Pini ya mwisho ikivuka kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kama milimita 1.6, nunua cheni mpya wiki hiyohiyo. Ukisubiri mpaka ivuke sehemu moja ya nane, utanunua na kaseti, maana cheni mpya itakuwa inaruka kwenye meno yaliyokwisha kulika. Nimewaona watu wamefunga kaseti nyepesi kuliko zote sokoni, yenye sproketi kubwa za alumini ambazo hulika haraka kuliko za chuma, kisha wakaiendesha na cheni iliyokwisha. Kaseti hiyo haifiki mbali.

Sisemi wepesi hauna faida yoyote. Anayeishi kule Isamilo au Mabatini, nyumba iko juu ya mawe na njia yenyewe ni ngazi, anaibeba baiskeli begani kila siku. Huyo kilo 2 zikipungua anazisikia, na ninamtafutia fremu nyepesi kwa moyo mmoja. Anayepanda milima mirefu ya saa nzima pia ana hoja. Ila asinunue kwa kudhani kwamba ndiyo dawa ya kuachwa Buhongwa.

"Kaseti yenye meno mengi ni nzito, tena ni ya wavivu"

Mtu anakataa kaseti yenye sproketi ya meno 32 kwa sababu imezidi ile ya 25 kwa gramu kadhaa, halafu ananieleza magoti yanamuuma. Piga hesabu. Mbele meno 39, nyuma 25, unapanda kwa kilomita 8 kwa saa: miguu inazunguka kama mara 41 kwa dakika, kila mkanyago ni wa kusimamia. Mbele 34, nyuma 32, kwa kasi ileile miguu inazunguka mara 60. Kasi haijabadilika, mzigo kwenye goti umepungua sana. Kwa mji wenye miinuko mifupi na mikali kama huu, kaseti nzito yenye meno mengi ni kifaa bora kuliko nyepesi yenye meno machache. Ningekuwa na uwezo ningemfungia kila mgeni kabla hajauliza bei ya kaboni.

"Tairi jembamba, upepo mpaka mwisho"

Hapana. Kwenye lami laini kabisa tairi gumu linabingirika vizuri, lakini lami yetu ina viraka, matuta na kokoto zilizomwagwa na malori. Tairi lililojazwa kupita kiasi linaruka juu ya kila kokoto, na nguvu zako zinageuka mtikisiko wa mikono na kiuno. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, si maelekezo. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la milimita 28 aanzie kwenye PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 70 hadi 75, nyuma kidogo zaidi ya mbele. Wa milimita 32 ashuke hadi 60 au chini yake. Na msijazie kwenye mashine ya upepo ya malori, tafadhali. Nunueni pampu yenye geji.

Zile tyubu mpya za plastiki laini za gramu 35 ni nzuri, na zimepunguza zaidi ya nusu ya uzito wa tyubu ya kawaida. Lakini kiraka cha solusheni hakishiki juu yake, zinahitaji viraka vyake maalumu. Ukienda kuelekea Magu, kwenye miiba ya migunga, beba tyubu ya kawaida ya akiba pamoja na solusheni. Fundi wa kijijini atakutoa porini kwa hiyo.

"Kaboni ikazwe sana ili isicheze"

Kaboni hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifaa chenyewe, mara nyingi Nm 5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), kwa spana ya kipimo, na kwa paste yake ya kuzuia kuteleza badala ya grisi. Ukiikaza kwa nguvu za mkono inapata ufa ambao hauonekani, na siku ya kukatika haikuarifu. Usukani uliowahi kuanguka kwa kishindo nauondoa, awe mwenye mali amenuna au hakununa. Na kifaa kisicho na jina la mtengenezaji wala kipimo cha kukazia sifungi. Kuna vingine ni alumini iliyovishwa ngozi ya kaboni, vizito kuliko vya alumini tupu.

"Anayekaa nyuma ananyonya nguvu za wa mbele"

Hili linaharibu misafara. Mtu anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu kwenye kasi za misafara yetu. Linganisha hilo na ule usukani wa sekunde 0.6. Wala hamwibii wa mbele kitu. Hewa inayofungwa nyuma ya wa mbele ndiyo inayomvuta arudi, na mtu akiijaza nafasi hiyo, wa mbele naye hupata nafuu ndogo ya asilimia chache. Kwa hiyo yule anayepiga kelele "toka nyuma yangu" anajinyima yeye pia.

Kinachochosha kundi ni mtu anayepokea zamu ya mbele kisha anaongeza kasi kuonyesha mapaja. Kundi linakatika, wa nyuma wanakimbizana kuziba pengo, na baada ya zamu tatu za namna hiyo nusu ya watu wamekwisha kabla ya Usagara. Ukipokea, shika mwendo uleule ulioukuta. Ukichoka, pisha upande uliokubaliwa asubuhi, punguza mwendo, rudi mkiani. Gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako hata kwa sentimita chache, maana yakigusana anayeanguka ni wa nyuma. Wa mbele apaze sauti kwa kila shimo, kila bajaji inayochomoza na kila daladala inayosimama ghafla, na kila mmoja alipokee neno hilo alifikishe nyuma.

"Mwenye mtumba atatuchelewesha"

Nimeshasikia kijana mwenye baiskeli ya milimani ya mtumba, kilo 14 hivi, akiambiwa asije mpaka apate ya kaboni. Hili linanikera kuliko cheni chafu. Kijana huyo nikimwosha cheni, nikamtoa tairi zenye meno makubwa na kumfungia za lami zisizo na meno, nikamshushia usukani akainama kidogo, anakaa kwenye kundi la kilomita 28 kwa saa bila shida, mradi apewe nafasi ya kujikinga. Mpeni nafasi ya tatu au ya nne kutoka mbele, asipokee zamu kwa safari za mwanzo. Upepo ukipiga kutoka ubavuni, kama kwenye maeneo ya wazi kuelekea Kigongo, asikae nyuma moja kwa moja. Asogee kidogo upande usio na upepo, na kundi lisilazimishe mistari inayoingia katikati ya barabara. Mwenye uzoefu akae mkiani, na akiona pengo limefunguka mbele ya kijana apaze sauti mara moja, kabla halijafika mita tano, wa mbele wapunguze kilomita 2 kwa saa kwa nusu dakika, kisha waendelee.