Mashine Ikikesha Peke Yake, Nani Anapima?

Saa kumi na mbili jioni fundi anafunga karakana yake Nyakato, Mwanza, nyuma anaacha mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, ikikereza pini za propela za boti. Kila sekunde 90 pini moja inadondoka. Akirudi saa kumi na mbili asubuhi anakuta pini 480 ndani ya ndoo, zinang'aa zote. Anapima tatu za juu kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene: milimita 8.01, wakati mwisho unaoruhusiwa ni 8.00. Za juu zimeharibika, za chini huenda ni nzima, za katikati hakuna ajuaye.

Wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba wanalielewa jambo hili haraka kuliko mafundi wengi. Dagaa walioanikwa mchangani wakishachanganywa na wa chanja kwenye gunia moja, gunia zima linauzwa kwa bei ya wale wa mchangani.

Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote cha bei kubwa, tunawashauri mafundi waondoe ile ndoo. Weka masanduku madogo 16 juu ya meza inayozunguka, mashine iisogeze hatua moja kila baada ya pini 30. Asubuhi chukua pini tatu kutoka sanduku la nane. Kama ni nzima, tatizo limeanza mbele yake, nenda la kumi na mbili. Kama ni mbovu, rudi la nne. Kwa kugawa nusu kwa nusu namna hiyo, masanduku manne au matano yanakufikisha mahali kipimo kilipovuka mpaka. Sanduku hilo na majirani zake unazipima pini zote moja moja. Ni kama pini 90 badala ya 480, na unaweza kumweleza mteja kwa uhakika umetupa zipi na kwa nini.

Njia hii inakamata kosa linalokua polepole. Kipande cha chuma kilichonasa kwenye kishikio kinaweza kuharibu pini moja tu kisha kikaondoka, na hiyo utaikuta kwa bahati. Ndiyo maana pini za kazi nyeti bado hupitishwa zote kwenye geji ya tundu mbili: la kwanza lazima ziingie, la pili lazima zigome.

Kosa linalokua polepole linatoka wapi? Tunaambiwa mara nyingi kwamba ni baridi ya alfajiri itokayo ziwani. Tupige hesabu. Chuma cha pua cha kawaida, si kile kisichoshika kutu, hutanuka takribani mikroni 11.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Pini ya milimita 8 ikipoa kwa nyuzi 10 inapungua unene usiofika hata mikroni moja, na maikromita ya kawaida ya karakana inasoma mikroni 10 kwa kila mstari. Ziwa tuliache. Mashine yenyewe ndiyo inayosogea inapopata joto la kazi, kwa hiyo usirekebishe kipimo kwa pini ya kwanza ukaondoka. Iache ifanye kazi nusu saa au zaidi, upime tena, ndipo ufunge mlango.

Mhalifu mkubwa zaidi ni kisu cha mashine kinachokereza pini. Ncha ikiisha inakata kidogo kuliko ilivyoamriwa, hivyo pini hunenepa na tundu hupungua. Kama pini inaruhusiwa kuanzia 7.97 hadi 8.00, anza usiku karibu na 7.975, si katikati, ili kisu kiwe na nafasi ya kuisha. Kwa tundu fanya kinyume. Mchana hesabu kisu kinatoa pini ngapi kabla kipimo hakijasogea 0.01. Zikiwa 300, usikipe 480 za usiku. Funga kisu cha pili kinachofanana nacho na uiagize mashine ikihamie baada ya pini 240.

Kekee haina subira ya namna hiyo, inavunjika ghafla. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana karakanani, niliacha kekee ya milimita 3 ikavunjika mapema usiku, na mashine ikaendelea kutoboa hewa hadi jogoo la pili. Vipande vyote vilikuwa na umbo zuri ajabu, bila tundu. Leo mashine inaweza kugusisha kekee kwenye kihisi kila baada ya kutoboa, na kekee isipokigusa mashine isimame.

Kusimama huko wenye karakana hawakupendi, wanahesabu saa zilizopotea. Hata umeme ukikatika na kurudi, wapo wanaotaka mashine iendelee yenyewe. Isiendelee. Kipande kilichokatwa nusu kingali kimeshikwa ndani, na kisu hakijulikani kiko wapi. Ibaki imezima mpaka fundi afike, atoe kile kipande, akitupe, na apime cha kwanza kinachofuata kwa mkono wake.