Kadi yenye pointi nyingi siyo lazima ndo yako: mambo ninayoyasikia Dodoma kila wiki

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza, "eti kadi gani inatoa pointi nyingi?" Kazi yangu ni kushauri watu kuhusu hela zao, wateja wengi ni watumishi waliohamia huku baada ya serikali kutangaza kuhamia Dodoma 2016, wengine ni wa miradi, wengine wana maduka yao Majengo na Sabasaba, na karibu wote wanaanza na hilo swali. Kadi za mkopo zenye zawadi, zile unanunua kwa hela ya benki, unalipa baadaye na unapewa pointi, sizipingi, mimi mwenyewe ninayo moja na naitumia. Ila inaniumiza kuona mtu anayejibana mwezi mzima anachagua kadi kwa kusoma bango.

Dhana: kadi nzuri ni ile yenye pointi nyingi

Ukweli ni kwamba pointi zinahesabiwa kwenye hela uliyochanja, yani uliyolipa kwa kadi, siyo kwenye mshahara wako wala kwenye hadhi yako. Na hapa Dodoma hela nyingi hazipiti kwenye kadi kabisa.

Chukua dada mmoja anafanya kazi Mtumba, alikuja na fomu ya kadi ya platinamu ameshaijaza, bado kusaini tu. Nikamwambia dada weka fomu pembeni, fungua simu tusome miamala ya mwezi uliopita, ya benki na ya simu. Tukaanza kusoma mmoja mmoja. Kodi ya nyumba Ilazo kamtumia mwenye nyumba kwa simu. Luku kwa simu. Maji ya DUWASA, kontroo namba. Ada ya mtoto kaingiza benki. Sokoni keshi, bajaji keshi, bucha keshi, saluni lipa namba, fundi wa geti lipa namba, mchango wa harusi lipa namba, vikoba simu. Mpaka tunafika chini, vitu ambavyo angeweza kuchanja ni supamaketi, mafuta ya gari, Netflix, na hoteli akiwa safarini mara moja moja. Namba nazizungusha kidogo, ila kwenye matumizi ya kama 1,800,000 kwa mwezi, ya kuchanjwa ilikuwa 350,000 hivi.

Sasa piga hesabu. Tuseme kadi inarudisha asilimia 1. Kwa 350,000 hiyo ni 3,500 kwa mwezi, mwaka mzima 42,000. Tuseme ada ya kadi kwa mwaka ni 60,000. Kwahiyo kabla hajakosea chochote, kabla ya riba, kabla ya kusahau tarehe, tayari yuko chini kwa 18,000. Ilibidi achanje 500,000 kila mwezi ndo ada irudi tu, faida bado hata hatujaianza. Hii hesabu haichukui dakika 5 na karibu hakuna anayeifanya kabla ya kusaini.

Na kinachoniuma zaidi ni kinachofuata baada ya kupewa kadi, mtu anaanza kuhamisha matumizi ili apate pointi, yani nyama aliyokuwa ananunua bucha la mtaani kwake sasa anaifuata supamaketi kwa bei ya juu, mafuta anaweka full tank wakati gari linalala nyumbani, na wikiendi anajikuta kwenye mgahawa kwa sababu "huko wanapokea kadi". Asilimia 1 imemtoa kwenye bei aliyoizoea na kumpeleka kwenye bei iliyozidi asilimia 15. Kuna maduka pia yanakuongezea asilimia 2 au 3 ukitaka kuchanja badala ya kutoa keshi, sasa kama kadi inakupa 1 na duka linakukata 2, hapo unalipa ili upewe zawadi.

Halafu zile pointi mara mbili "ukinunua supamaketi" au "kwenye safari" usizichukulie kwa jina la duka. Kila mfanyabiashara mwenye mashine ya kadi amepewa namba ya aina ya biashara, tarakimu 4, na mfumo unasoma hiyo namba, hausomi kilichomo kwenye mfuko wako. Duka kubwa tu la vyakula likiwa limesajiliwa kama jumla, hupati kitu cha ziada, na ukilalamika benki watakuonyesha vigezo na masharti.

Ushauri wangu nimeusema mpaka wateja wanausema kabla yangu, chukua daftari, chora safu 3 kwa miezi mitatu iliyopita. Ya kwanza keshi. Ya pili simu na kontroo namba. Ya tatu sehemu ambazo mashine ipo na bei haibadiliki ukichanja. Kadi unaichagua kwa safu ya tatu tu. Ukiona safu ya tatu imejaa mafuta, tafuta inayopendelea mafuta. Ukiona ni malipo ya mtandaoni ya nje, matangazo ya Facebook, programu za kazini, ada za mitihani ya kitaaluma, basi achana na pointi kwanza, uliza makato ya kubadilisha fedha ni asilimia ngapi, maana hayo yanaweza kumeza zawadi yote na kuzidi. Na ukiona safu ya tatu ni nyembamba kama ya yule dada, kaa na kadi yako ya kawaida ya akaunti, inachanja vilevile, mtandaoni inalipa vilevile, na haina deni. Yeye fomu hakuisaini.

Dhana: pointi ni zawadi, benki haina inachopata

Benki inapata sehemu tatu. Mwenye duka anakatwa kamisheni kila ukichanja, wewe unalipa ada, na wale wasiomaliza deni wanalipa riba. Pointi zinatoka humo. Ukimaliza deni lote kila mwezi, wasiomaliza wanakulipia wewe, ukianza kubakiza deni basi wewe ndo unawalipia wenzio.

Dhana: nikilipa kile kima cha chini niko salama

Hapana jamani. Kima cha chini, yani kiasi kidogo kabisa benki inachokudai ulipe kwa mwezi, kinakuepusha na faini ya kuchelewa tu, riba inaendelea. Tuseme deni ni 1,000,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, kima cha chini asilimia 10. Unatoa 100,000, hapo 30,000 ni riba, deni limepungua 70,000. Na kwa kadi nyingi ukishabakiza hata kidogo zile siku za bila riba unazopewa kabla ya kulipa zinafutika, riba inaanza kuhesabiwa tangu siku uliyonunua, na manunuzi mapya nayo yanaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Umechanja 600,000 ukapata pointi za 6,000, ukaacha deni mwezi mmoja, riba 18,000. Mtu ananionyesha pointi kwa furaha, namwomba steitimenti, naona riba imeshakula mara tatu yake. Kama unajijua mshahara hauvuki tarehe 20 bila kukopa, kadi ya zawadi siyo kadi yako kwa sasa, maliza madeni kwanza. Na kama unayo, kesho asubuhi nenda tawini waambie wakate deni LOTE kwenye akaunti ya mshahara kila mwezi, wasikate kile kima cha chini, maana wengi wanawekewa kima cha chini bila kuulizwa.

Dhana: ni sawa na kadi ya ATM, naweza kutoa keshi

Unaweza, ila kuna makato ya kutoa, riba inaanza dakika hiyohiyo, na pointi kwa kawaida hupati hata moja. Kadi ya mkopo usiisogeze karibu na ATM.

Dhana: kadi ya hadhi kubwa ndo bora, ina lounji

Lounji za viwanja vya ndege, zile kumbi za kusubiria ndege kwa starehe, ni nzuri kwa anayeruka kila mwezi. Tangu SGR ianze kuja Dodoma 2024 wateja wangu wengi wanashuka Dar kwa treni, sasa lounji ya nini? Unalipia ada ya juu kwa mlango usioufungua. Uliza kila faida iliyoandikwa, mwaka jana ningeitumia mara ngapi? Kama jibu ni sifuri, iondoe kwenye hesabu.

Dhana: nisipoitumia haina madhara

Ada ya mwaka inakatwa hata kadi ikilala kabatini. Ada inageuka deni, deni linachelewa, na taarifa za mikopo zinakwenda kwenye kanzidata ya Benki Kuu (BoT) na kampuni za kutunza taarifa za wakopaji kama Creditinfo, siku unaomba mkopo wa kiwanja Nzuguni unaulizwa deni la kadi ambayo hata umeisahau. Kama huitaki ifunge kwa barua, upewe uthibitisho, kuikata kwa mkasi hakufungi akaunti.

Dhana: pointi zinakaa milele, nitazikusanya za kutosha

Pointi za kadi nyingi zina muda wa kuisha, na benki inaweza kubadilisha thamani ya pointi wakati wowote, masharti ndo yanasema hivo. Pointi 100 za leo zinaweza zisinunue kitu kilekile mwakani. Zikifika kiasi kinachokubalika kuzitoa, zitoe, na kama kuna kuchagua kati ya vocha ya kitu usichokihitaji na kupunguziwa deni la kadi, chagua kupunguziwa deni.

Dhana: nikiwa nje ni bora mashine inikate kwa shilingi

Hili ni la wale wa Dubai na China. Mashine ikikuuliza shilingi au dirham, chagua dirham, hela ya pale ulipo. Ukichagua shilingi, wa upande wa duka ndo anakupangia kiwango cha kubadilisha, na kiwango chake karibu siku zote ni kibaya kuliko cha mtandao wa kadi, yani Visa au Mastercard. Wafundishe na unaosafiri nao, maana muuzaji anaweza kukubonyezea bila kukuuliza, na risiti ikitoka imeandikwa TZS una haki ya kumwambia aufute ule muamala aanze upya.