Mtoto Haongei Vizuri, Kusoma Je? Maswali na Majibu

Hapa Kigoma, sisi wa tiba ya usemi na lugha tunaletewa watoto wengi wakiwa tayari darasa la kwanza, baada ya mwalimu kusema hawazishiki silabi. Ukimuuliza mama, jibu ni lile lile: "Alichelewa kuongea, tukajua atasema tu."

Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha ni nani?
Aliyesomea namna mtoto anavyoelewa maneno na kuyatamka. Si wa wenye kigugumizi peke yao.

Kusoma si kazi ya mwalimu?
Mwalimu anafundisha herufi. Herufi ni alama ya sauti, na mtoto asiyetofautisha "pa" na "ba" kwa sikio atazichanganya hata daftarini. Mtaalamu anaanzia hapo. Ma-we-se: makofi matatu, kila silabi na lake. Maji, moto, mama: yanaanza na sauti gani? Kasuku ukiondoa "ka" anabaki nani? Mtoto anasimuliwa hadithi, kisha anaisimulia yeye. Mzazi naye anafundishwa, ili waendelee nyumbani hata wakati wa kuanika dagaa.

Baba yake naye alichelewa. Tusubiri?
Hapana. Mwaka mmoja na nusu hana neno, mleteni. Miaka miwili haungi maneno mawili, kama "mama maji", mleteni. Alikuwa anasema, akaacha? Wiki hii hii.

Lakini tukimtuma anaelewa.
Vizuri, na bado mleteni. Msisubiri shule imfungue kinywa.

Bibi anasema ana udata, akatwe.
Naomba sana, msimpeleke kwa mkataji. Huo utepe chini ya ulimi haumnyimi mtoto maneno. Tunapokea waliokatwa kwa wembe: damu imemwagika, maneno hayajaja, na mwaka mzima umepotea. Kukata kimeo ni hivyo hivyo.

Kiha na Kiswahili havimchanganyi?
Havimchanganyi. Ongea naye Kiha chako kilichonyooka. Wasiwasi ni pale anapokuwa nyuma katika lugha zote mbili.

Tuanzie wapi?
Masikioni. Sikio linalotoa usaha kila mara linaweza kupunguza usikivu, na mafuta mnayomimina humo hayatibu kitu; acheni. Nendeni kituo cha afya, mwombe masikio yapimwe na mwandikiwe rufaa. Wataalamu wa usemi nchini ni wachache, kwa hiyo kumpata kunachukua muda, na muda huo ni bora uanze mtoto akiwa na miaka miwili kuliko saba. Beba kadi ya kliniki, na uandike kila neno analolisema, hata lile mnalolielewa ninyi peke yenu.