"Uchumi umekua" maana yake nini hasa, na kwa nini sio sawa na maendeleo

Kila bajeti ikisomwa utasikia uchumi umekua kwa asilimia 5, mara 6, mara 7, na kila mwaka watu wanaulizana mbona mimi sijaona kitu. Hilo swali ni la haki kabisa, wala sio la ujinga, ila jibu lake linaanzia kwenye kutenganisha maneno mawili ambayo tumezoea kuyatumia kama ni kitu kimoja, yaani ukuaji na maendeleo.

Ukuaji ni namba tu. Unachukua thamani ya bidhaa na huduma zote za mwisho zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka, hilo ndio Pato la Taifa, alafu unalinganisha na la mwaka uliopita ukishaondoa lile ongezeko lililoletwa na bei kupanda, tofauti unayopata kwa asilimia ndio ukuaji. Haisemi nani kapata wala nani kakosa. Na hayo maneno "ndani ya mipaka" yashike vizuri, maana kampuni ya nje ikichimba mafuta au madini kwenu, thamani yote hiyo inaingia kwenye Pato la Taifa lenu hata kama faida inasafirishwa kwa wenye hisa walioko mbali. Guinea ya Ikweta iligundua mafuta mengi katikati ya miaka ya 1990, uchumi ukapaa kwa kasi ya ajabu mpaka pato lake kwa kila kichwa likawa kati ya makubwa kabisa Afrika, na bado wananchi wengi wakabaki maskini.

Kuna vitu pia hiyo namba haivioni kabisa. Mwanamke anaemuuguza mgonjwa nyumbani, anamgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo, anamwogesha, anamlisha, anafua mashuka, kazi yote hiyo kwenye Pato la Taifa ni sifuri. Akiajiriwa nesi wa kulipwa aje afanye yale yale, pato limepanda. Simon Kuznets, mchumi aliyepeleka hesabu za aina hii kwenye bunge la Marekani mwaka 1934, alionya humo humo kwenye ripoti kwamba ustawi wa taifa huwezi kuujua kwa kuangalia pato lake, sasa ni zaidi ya miaka 90 na bado tunafanya hivyo hivyo.

Na namba yenyewe inaweza kuruka bila mtu yeyote kuzalisha kitu kipya. Aprili 2014 Nigeria ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu zake, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake ndio vinatumika kupigia hesabu, kutoka 1990 kwenda 2010, sekta kama simu za mkononi na filamu ambazo zilikuwa hazionekani vizuri zikahesabiwa inavyotakiwa, Pato la Taifa likapanda kwa asilimia 89 kwenye karatasi na nchi ikaipita Afrika Kusini. Ile kazi ilikuwa ya halali na ya lazima, tena nchi nyingi zinatakiwa ziifanye mara kwa mara, ila aliyekuwa analala njaa Machi aliamka Aprili na njaa yake.

Haya, sasa idadi ya watu. Kama uchumi unakua asilimia 6 na watu wanaongezeka asilimia 3 kwa mwaka, kwa kila kichwa imebaki kama asilimia 3 hivi. Ukitaka kujua pato litachukua muda gani kuongezeka mara mbili chukua 70 ugawanye kwa hiyo asilimia, kwa hiyo asilimia 7 ni miaka 10, asilimia 3 ni miaka 23 hivi, na asilimia 1 ni miaka 70, umri mzima wa mtu. Ndio maana mimi siwaelewi wanaosema ukuaji hauna maana. Nchi maskini isipokua, hela ya kulipa walimu na kununua dawa inatoka wapi? China tangu mageuzi ya 1978 imetoa karibu watu milioni 800 kwenye umaskini wa kutupwa, na ilianzia mashambani, familia zikaruhusiwa kulima na kuuza ziada yao wenyewe, yaani ukuaji ulitokea pale pale maskini walipokuwa. Mafuta ni tofauti, yanaleta hela nyingi na yanaajiri watu wachache sana, sasa hapo mkulima atafikiwaje kama serikali haijaamua kumfikishia?

Botswana inaonyesha pande zote mbili. Inapata uhuru 1966 ilikuwa kati ya nchi maskini kabisa duniani, barabara za lami ni kilometa 12 tu, mwaka uliofuata almasi ikapatikana Orapa. Serikali ikahakikisha inabaki na sehemu kubwa ya ile hela, ikajenga shule, zahanati, barabara, na kwa miaka mingi ikawa kati ya nchi zinazokua haraka kuliko zote duniani. Ukuaji na maendeleo vikatembea pamoja. Alafu ukimwi ukaingia, miaka ya 1990 almasi bado zinatoka, pato bado linapanda, huku umri wa watu kuishi unaporomoka vibaya na nyumba nyingi zina yule mwanamke niliemtaja hapo juu anaegeuza mgonjwa usiku. Ukisoma Pato la Taifa peke yake usingejua kuna msiba. Hela ya almasi ilikuja kusaidia baadae, 2002 nchi ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bure kwenye hospitali za umma na watu wakaanza kuishi tena.

Sasa maendeleo ndio hayo, mtu kuishi muda mrefu, kujua kusoma, kuwa na uwezo wa kuchagua maisha yake. Mwaka 1990 Mahbub ul Haq wa Pakistan akishirikiana na Amartya Sen wa India walileta kupitia Umoja wa Mataifa kipimo cha maendeleo ya binadamu, kinachochanganya umri wa kuishi, elimu na kipato, kinaenda kutoka 0 mpaka 1. Ni hatua kubwa, ila nacho ni wastani, na wastani unaficha watu. Kilichonigusa zaidi mimi ni kile kipimo cha 2010 cha umaskini wa pande nyingi, kinachopima nyumba kwa nyumba, hakiulizi unaingiza shilingi ngapi, kinaangalia sakafu ni ya udongo au ya nini, choo mnatumia peke yenu au na majirani, mnapikia kuni au nini, umeme upo, mtoto wa umri wa shule anasoma, kuna mtoto aliyefariki, na maji safi, kwenda na kurudi kwa miguu, je ni chini ya dakika 30.